Sura ya Sita: Hifadhi Yenye Mpaka wa Maji

Kwa msomaji aliyezoea kusikia hifadhi za taifa zikitajwa kwa maelfu ya kilomita za mraba, Saanane inachekesha kidogo. Ukubwa wake wote, pamoja na visiwa vyake vidogo na maji yanayovizunguka, ni kilomita za mraba 2.18. Boti inaondoka Capri Point, pembeni mwa katikati ya jiji la Mwanza, na baada ya dakika chache tu umeshashuka. Ukisimama juu ya miamba yake unasikia honi za mjini, adhana na muziki wa harusi.

Jina lake ni la mtu. Saanane Chawandi alikuwa mkulima na mvuvi aliyeishi kisiwani kabla Serikali haijakichukua mwaka 1964 na kukifanya bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Kisiwa kilitumika pia kama kituo cha wanyama waliokuwa njiani kwenda Rubondo, kisiwa kikubwa cha upande wa Geita ambacho katika miaka ya 1960 na 1970 kilipokea sokwe, tembo, twiga na wengine waliovushwa kutoka mbali. Mwaka 1991 Saanane ikawa pori la akiba. Mwaka 2013 ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote Tanzania.

Hifadhi nyingi mipaka yake ni vigingi. Mpaka wa Saanane ni maji. Maji humzuia ng'ombe, humzuia mkata kuni, na humlazimu mwindaji atafute mtumbwi kwanza. Lakini kila kinachoyeyuka na kila kinachoelea hupita mpaka huo bila kibali: udongo wa mashamba ya pamba, mbolea, majitaka ya vilimani, magugu, taka za machimbo. Ndiyo maana mtu anayetaka kujua hifadhi hii itakuwa na hali gani miaka hamsini ijayo hawezi kuishia kuwatazama swala wake. Inampasa ayafuate maji hadi yanakotoka, kusini na magharibi, katika nchi ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita.

Wenyeji wa mawe

Tuanze na waliopo. Saanane ni mawe ya matale ya aina ile ile inayoupa mji wa Mwanza sura yake, yaliyobebana kana kwamba yatadondoka kesho. Katika nyufa zake mitini imepenyeza mizizi, na minyaa imeota mahali ambapo hungedhani pana kiganja cha udongo. Juu ya mawe hayo anaota jua mjusi ambaye wanasayansi wamempa jina la mji huu, Agama mwanzae. Dume lake lina kichwa na mabega ya waridi na mwili wa buluu, na hutikisa kichwa juu na chini kumwonya dume mwenzake asisogee. Kivulini wamo pimbi, na matawini tumbili. Swala pala waliletwa, nao wamezoea watu kiasi kwamba mgeni anaweza kuwapiga picha kwa simu.

Mambo mengi, hata hivyo, yako pale jiwe linapokutana na ziwa. Mamba hupanda kuota jua. Kenge huzunguka akitafuta mayai, na ya mamba hayamshindi. Fisi maji huwinda kwa kupapasa chini ya mawe, kisha hutafuna kaa na samaki juu ya mwamba na kuacha magamba. Mnandi akishazamia na kupata mlo wake hukaa amefunua mbawa, kwa sababu manyoya yake hulowa maji na lazima ayakaushe. Mdiria mweusi na mweupe husimama hewani palepale, mdomo chini, kabla hajajitupa. Juu yao wote analia furukombe.

Viumbe hawa wanategemea jambo moja: samaki waweze kuishi, na wao waweze kuwaona. Yote mawili yanahitaji maji yenye hewa na yenye mwanga.

Kazi ya mafunjo

Kingo za Ghuba ya Mwanza zisizo na mawe zilikuwa za mafunjo na matete, na sehemu nyingi bado ziko hivyo. Funjo moja hufika mita nne au zaidi. Mashina yake ya chini husukana na mizizi kuwa mkeka mnene, na mara nyingi mkeka huo huelea, ukipanda na kushuka pamoja na ziwa. Mto ukiingia humo hupungua mwendo na kuuachilia udongo uliobeba. Naitrojeni na fosforasi, ambazo zikifika ziwani hulisha mwani mpaka maji yakawa ya kijani, hunyonywa na mmea huu ambao ni kati ya ile inayokua kwa kasi sana duniani.

Thamani ya kazi hiyo iliwahi kupigiwa hesabu jirani zetu Uganda. Kinamasi cha Nakivubo, Kampala, hupokea majitaka ya jiji kabla hayajaingia kwenye ghuba ambako jiji hilohilo huchota maji ya kunywa. Mwaka 1999 wachumi walikadiria kwamba kuyasafisha maji hayo kwa mitambo badala ya mafunjo kungegharimu kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Mwanza haijapungukiwa na sababu za kupiga hesabu kama hiyo. Nyumba zake nyingi zimejengwa juu ya mawe, mahali ambapo kuchimba shimo la choo ni shida na kulaza bomba la majitaka ni shida zaidi. Mvua ikinyesha, Mto Mirongo hukusanya kilichoko na kukipeleka ziwani, ukipita katikati ya mji.

Mafunjo yana wenyeji wake wasiohama. Yupo ndege mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa njano ambaye haishi ila katika mafunjo ya ukanda wa Maziwa Makuu; yakifyekwa, hana pa kwenda. Rubondo ana makazi nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame topeni, ambaye akiona hatari hujitosa majini na kubakiza pua. Chini ya mkeka hewa ya oksijeni ni haba mno, na hapo ndipo kamongo anapotamba, kwa kuwa hupanda juu kuvuta pumzi kwa mapafu. Sangara hawezi. Yeye anahitaji maji yenye oksijeni nyingi, kwa hiyo huishia ukingoni. Utafiti katika Ziwa Nabugabo, Uganda, ulionyesha kwamba samaki wadogo waliokuwa wakimalizwa na sangara kwenye maji wazi walikuwa wamejificha humo, kwenye maji duni ambayo adui yao hakuyaweza.

Kuvuna mafunjo kwa mikeka, uzio na paa si kosa. Ukikata na kuacha shina, huchipua. Kinachoyamaliza ni moto na jembe, pale kinamasi kinapogeuzwa bustani ya mboga au jaruba la mpunga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Anayetembea kandokando ya ghuba na kuzihesabu mita hizo kwa hatua zake ataona mwenyewe ni wapi zinaheshimiwa.

Mafunjo yanapoondoka, nafasi hushikwa na wageni. Magugu maji, asili yake Amerika ya Kusini, yalionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika muongo uliofuata yakaziba bandari na mialo. Mbawakavu wanaoyala walifugwa na kuachiliwa, wakayapunguza sana. Ila mmea unaolishwa na uchafu hauondoki maadamu uchafu unaingia. Mwanzoni mwa 2025 wasafiri wa kivuko cha Kigongo na Busisi walikwama kwa sababu ya gugu jingine linaloelea. Daraja lililofunguliwa hapo Juni mwaka huohuo limewavusha wasafiri juu ya tatizo. Samaki wamebaki nalo chini.

Samaki wanaochaguana kwa rangi

Hadi miaka ya 1970 utajiri mkubwa wa ghuba hii ulikuwa furu. Ziwa Viktoria lilikuwa na aina zao zipatazo 500, na karibu zote haziko popote pengine. Palikuwa na furu wala mwani, furu wavunja konokono, furu wala mayai ya wenzao, furu wanaodonoa magamba ya samaki wengine. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walipiga kambi Mwanza kuwachunguza. Kabla hawajamaliza kuwapa majina, sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka ghafla ghubani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nyavu zilizokuwa zikijaa furu zikatoka bila kitu. Aina zinazokaribia 200 zinadhaniwa kuwa zimetoweka. Mmoja wa watafiti hao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu kizima kuhusu msiba huo.

Furu wa miambani walinusurika zaidi, kwa kuwa sangara mkubwa hapenyi katika nyufa za mawe. Mwaka 1985 mmoja wao alielezwa kitaalamu na kupewa jina la Mwalimu Nyerere. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ni wa buluu. Majike ya wote wawili yana rangi iliyofifia, na mtu asiye mtaalamu hawezi kuwatenganisha. Wanaishi jirani na wanaweza kuzaliana. Kinachowatenga ni macho ya majike: huyu hutaka dume jekundu, yule hutaka la buluu.

Kinachofuata kiligunduliwa na Ole Seehausen na wenzake, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1997. Waliwachunguza samaki hao katika visiwa vya mawe kuanzia ndani ya ghuba, ambako maji ni machafu, hadi nje kwenye ziwa wazi. Kupima uangavu wa maji si jambo la mashine kubwa. Sahani nyeupe hushushwa kwa kamba, na kina ambacho haionekani tena ndicho kipimo. Makobe, nje ya ghuba, sahani ilionekana hadi mita mbili na zaidi. Huko wekundu na wa buluu ni jamii mbili zisizochanganyika, wa buluu wakikaa karibu na uso wa maji na wekundu kwenye kina, ambako mwanga unaofika umeelemea wekundu. Luanso, ndani ya ghuba, sahani ilipotea kwenye nusu mita. Huko jamii mbili hazipo. Iko moja, mchanganyiko wa rangi zilizopauka. Walipowaweka majike maabarani chini ya taa iliyowanyima tofauti ya rangi, walichukua dume lolote.

Hakuna aliyewavua samaki hao, wala aliyewatilia sumu. Aina moja ilitoweka katika nyingine kwa sababu jike hakumwona vizuri mumewe. Tope lilitosha.

Shinyanga, nchi inayogawa maji

Tope hilo linatoka wapi? Fungua ramani ya nchi kusini mwa Ziwa. Shinyanga na Geita ziko mahali ambapo mvua moja inaweza kugawanyika njia tatu. Maji yanayoelekea kaskazini huingia Ziwa Viktoria, kisha Nile, na mwisho wake ni Bahari ya Kati. Yanayoelekea kusini hufuata Mto Manonga hadi mbuga za Wembere, Ziwa Kitangiri, na kuishia katika chumvi ya Eyasi. Ya upande wa magharibi huingia mabonde ya Nikonga na Moyowosi, yakaungana na Malagarasi na kufika Ziwa Tanganyika, ambalo humwaga Kongo. Katika njia zote hizo yanapita kwenye ardhioevu: mafunjo, mbuga za udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, vinamasi vya korongo na nzohe. Bonde la Malagarasi na Moyowosi limeandikwa tangu mwaka 2000 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Nchi hii ilivuliwa nguo zake kwa makusudi. Katika miaka ya 1920 Charles Swynnerton, Mwingereza aliyekuwa akipambana na mbung'o, aliungana na Mtemi Makwaia, na maelfu ya watu wakafyeka vichaka ili mbung'o wakose kivuli. Kituo cha utafiti wa mbung'o kikawekwa Shinyanga, na aina mojawapo ya mbung'o ikabeba jina la Swynnerton hadi leo. Mbung'o walirudi nyuma na ng'ombe wakaongezeka. Pamba ikachukua nafasi, kuni zikapungua, na udongo ukabaki wazi mbele ya mvua. Nyerere alipozuru mwaka 1984 alishtuka kiasi cha kuiona Shinyanga kuwa jangwa la Tanzania.

Miaka miwili baadaye ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Wataalamu walifika na miche, lakini kilichofanikiwa zaidi kilikuwa cha Wasukuma wenyewe: ngitili, eneo la malisho linalofungwa masika na kufunguliwa kiangazi kikishakaza. Ukilifunga, mashina yaliyobaki ardhini huchipua yenyewe. Ulinzi wake ulikuwa wa dagashida, yaani baraza la kimila la kijiji, na sungusungu, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini mbele ya wenzake. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipokwisha zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Wachunguzi waliorekodi kilichorudi waliandika aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege.

Kwa kawaida habari ya ngitili husimuliwa kama habari ya malisho, kuni na dawa za miti shamba, na ni haki. Lakini Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule uliingia hadi Maswa na Bariadi, ambako maji hushuka kwa Mto Simiyu mpaka Ziwa. Kila hekta iliyofungwa huko ilizuia udongo usiende kuyatia giza maji ya mtu mwingine. Mfugaji aliyekubali ng'ombe wake wasubiri hadi Julai alikuwa akimfanyia kazi furu ambaye hajawahi kumwona.

Kilicho kizito

Ukanda wa dhahabu unayagusa maji hayohayo kwa njia mbili. Ya kwanza ni miti. Duara la mchimbaji mdogo haliwezi kushuka bila matimba, magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na kila machimbo mapya huanza kwa shoka. Ya pili ni zebaki. Mawe yakishasagwa kwenye makarasha na unga kuoshwa, zebaki hutiwa ili idake chembe za dhahabu, kisha huchomwa ipae na kuiacha dhahabu. Sehemu hupaa na kuingia mapafuni mwa mchomaji, sehemu hubaki kwenye marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuoshwa, na kwenye madimbwi ya kuoshea.

Uchunguzi uliofanyika Rwamagasa, Geita, na kuchapishwa mwaka 2005 ulitoa jibu linalostahili kusomwa kwa makini. Samaki waliovuliwa karibu na mahali pa kuoshea walikuwa na zebaki kupita kiwango kinachokubalika. Samaki wa Ghuba ya Nungwe, kwenye Ziwa lenyewe, walikuwa nayo kidogo. Zebaki ya majimaji ni nzito. Hutua karibu na ilipomwagwa na haisafiri haraka. Basi mla samaki wa Mwanza hakuwa na sababu ya kutishika, na mla kambale wa kijito cha machimboni alikuwa nayo. Ila utulivu huo una masharti. Katika tope lisilo na oksijeni vijidudu huigeuza zebaki kuwa ya aina inayoingia mwilini na kupanda kutoka kwa samaki mdogo kwenda kwa mkubwa. Kinamasi kilichoinasa ni ghala la zebaki, na anayelima kinamasi hicho analifungua. Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Utekelezaji wake utaonekana pale pale makarasha yanapolia.

Bomba la Ihelele

Hadi hapa Shinyanga imeonekana kama mjomba wa mbali anayetuma uchafu. Kuna bomba linalobadilisha hesabu hiyo. Ihelele, wilayani Misungwi, kwenye ukingo wa Ghuba ya Mwanza, pamejengwa chanzo cha maji na mtambo wa kuyasafisha. Kutoka hapo maji husukumwa hadi Shinyanga na Kahama, katika mradi uliozinduliwa mwaka 2009, na baadaye bomba likasogezwa mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Mji ambao kiangazi ulipanga ndoo kwenye visima vya chumvi sasa unafungua koki na kupata maji ya Ziwa.

Hivyo ghuba ya furu na kisiwa cha pimbi ndiyo pia kisima cha Shinyanga. Maji yakiwa na tope au mwani, mtambo hutumia dawa nyingi zaidi kuyasafisha, na gharama hiyo mwishowe inaingia kwenye ankara. Furu wa Luanso na mama wa Kahama wanasumbuliwa na tope lile lile. Tofauti ni kwamba mama wa Kahama ana mtambo katikati.

Saanane haitaokolewa na askari wa Saanane peke yao, hata wawe hodari kiasi gani, kwa kuwa ulinzi wake ulio mkubwa uko nje ya eneo lao. Uko kwenye mita 60 za mafunjo ya Misungwi, kwenye ngitili za Maswa, kwenye vyoo vya vilima vya Mwanza na kwenye madimbwi ya kuoshea ya Geita. Anayelinda hivyo analinda hifadhi, ingawa hajavaa sare na huenda hajawahi kupanda boti ya Capri Point.

Kipimo cha mafanikio nacho tunacho, tena cha bei nafuu: sahani nyeupe na kamba yenye alama. Uongozi wa hifadhi ungeweza kuishusha kila mwezi gatini, na kuandika kina chake kwenye ubao palipoandikwa viingilio, ili mgeni ajue mwaka huu maji yanaonekana hadi wapi kuliko mwaka jana. Nakala ya namba hiyo ipelekwe Ihelele na kwenye halmashauri zote ambazo mito yake inaishia ghubani. Ikiongezeka, tutajua kazi inafanyika huko juu. Ikipungua, tutajua ni nani wa kuwauliza.